Kabla Ndege ya Kujiundia Haijaruka
Nakala ya mazungumzo kwa wakazi, vijana na wanafunzi wa vyuo vya ufundi



Mara kwa mara televisheni na magazeti nchini huonyesha kijana aliyeunda ndege nyumbani kwao kwa mabomba, turubai na injini ya pikipiki. Siku ya majaribio kijiji kizima hujaa uwanjani. Simu zinanasa picha, watoto wanakimbia huku na huko, na kila mtu anangoja kuona kama itaruka. Mara nyingi hairuki. Watu hucheka, na kijana hurudi nyumbani ameinamisha kichwa.

Lakini swali kubwa la siku ile si kama ndege itaruka. Swali ni hili: ikiruka, kijana atashuka akiwa mzima? Mazungumzo ya leo yanahusu swali hilo, na yanahusu hasa ndege nyepesi isiyo na injini, maana ndiyo wengi huanza nayo.

Ujerumani aliishi mhandisi aliyeitwa Otto Lilienthal. Mwaka 1891 aliruka kwa mabawa aliyojiundia karibu na kijiji cha Derwitz, akaenda umbali wa mita 25 hivi. Miaka iliyofuata alijenga kilima chake mwenyewe huko Lichterfelde, chenye urefu wa mita 15, ili aweze kuruka upepo ukitoka upande wowote. Aliruka mara 2,000 hivi. Hata hivyo, ndege yake aliiongoza kwa kuyumbisha mwili na miguu tu. Tarehe 9 Agosti 1896 pua ya ndege iliinuka, mabawa yakakosa hewa ya kuyabeba, naye akaanguka kutoka mita 15 hivi. Alifariki siku iliyofuata. Ikiwa aliyeruka mara 2,000 aliweza kuanguka hivyo, anayeruka mara ya kwanza ana sababu zaidi ya kujihadhari.

Huko Dayton, Marekani, mafundi wawili wa baiskeli, Wilbur na Orville Wright, waliifuatilia habari hiyo kwa makini. Waliona kwamba mabawa peke yake hayatoshi. Rubani anahitaji njia ya kuiongoza ndege ikiwa angani. Mwaka 1900 walipeleka ndege yao ya kwanza isiyo na injini Kitty Hawk, kando ya bahari. Mahali hapo walipachagua kwa sababu upepo wake ni wa kutegemewa na mchanga wake ni laini.

Hawakuanza kwa kupanda. Waliifunga kamba, wakairusha kama tiara, wakaipakia mizigo, wakapima upepo na nguvu ya mvuto wa kamba. Mwaka ule Wilbur aliruka kwa dakika 2 hivi tu, ukijumlisha mara zote. Mwaka 1901 waliunda kubwa zaidi, nayo ikabeba uzito mdogo sana kuliko walivyopiga hesabu. Wakarudi karakana, wakaunda sanduku la kupitishia upepo, na kupima humo vibawa vidogo vya maumbo 200 hivi. Ndege ya mwaka 1902 iliyotokana na vipimo hivyo iliruka kati ya mara 700 na 1,000, na safari ndefu zaidi ilikuwa ya mita 190 hivi. Injini waliifunga mwaka 1903, wakati tayari walijua kuongoza.

Kutokana na kazi za watu kama hao, majaribio ya ndege ya kujiundia yana utaratibu unaojulikana. Hatua zake ni hizi.

Kwanza, pima uzito. Ndege na rubani wake lazima wasawazike mahali ambapo mchoro unasema. Mkia ukiwa mzito, pua huinuka yenyewe, mwendo hupungua, na ndege huanguka kama ile ya Lilienthal. Kosa hili huonekana kwa mizani ndege ikiwa bado chini. Likigunduliwa angani, huwa limechelewa.

Pili, pima nguvu ya mabawa. Ndege ndogo za kawaida huundwa zihimili mara 3.8 ya uzito wake, na juu ya hapo huongezwa nusu nyingine kama akiba. Chukua ndege ya kilo 80 na rubani wa kilo 70: jumla ni kilo 150, na mara 3.8 yake ni kilo 570. Mabawa hugeuzwa juu chini, yakapangwa mifuko ya mchanga hadi yafike mzigo huo. Yakibaki yamepinda baada ya mifuko kuondolewa, hayafai. Ni heri bawa livunjike karakana, hakuna mtu ndani.

Tatu, kagua usukani, waya, bolti na nati moja baada ya nyingine. Kisha mtu wa pili, ambaye hakuifunga, akague tena. Rubani akielekeza usukani kulia, sehemu ya nyuma ya bawa la kulia lazima iinuke. Waya zilizopishana zimeua marubani wenye uzoefu, maana ndege huenda kinyume na mkono.

Nne, ikimbie chini kabla ya kuruka. Ivutwe polepole katika uwanja mpana, magurudumu yakiwa ardhini, mpaka rubani aizoee. Baadaye iruhusiwe kuinuka kimo kidogo na kutua mbele moja kwa moja, bila kukata kona. Kanuni ya mafundi wa zamani ni rahisi: usiruke juu kuliko pale ambapo uko tayari kuanguka. Na kamba ya kuvutia isifungwe kwa fundo. Lazima iwe na kishikio ambacho rubani anaweza kukifungua mara moja.

Tano, chagua saa. Alfajiri hewa hutulia. Jua likipanda, ardhi hupata joto na hewa huinuka kwa vishindo, hasa kwenye miteremko mikali. Wanaoruka kwa miavuli ya angani huko Iten, juu ya Bonde la Kerio, hupenda hewa hiyo inayoinuka kwa sababu wamefunzwa kuitumia. Kwa ndege isiyojulikana tabia yake, hewa hiyo ni hatari.

Kuna jambo jingine linalohusu nyanda za juu. Kitty Hawk iko usawa wa bahari. Iten iko mita 2,400 hivi juu ya usawa huo, na hewa ya huko ni nyepesi kwa takriban asilimia 20. Ndege ileile italazimika kwenda kasi zaidi, kama asilimia 12, ndipo iinuke, na itatua kwa kasi hiyohiyo. Vipimo vilivyonakiliwa kutoka michoro ya ng'ambo bila hesabu hii vinaweza kumdanganya fundi.

Sasa, sheria. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Kenya, KCAA, ndiyo inayosimamia ndege za kiraia nchini, pamoja na zile za kujiundia. Ndege haifai kuruka kabla ya kusajiliwa na kupata idhini. Vijana wengine huogopa kwenda huko wakidhani watakatazwa. Wakati mzuri wa kuuliza ni kabla ya kukata bomba la kwanza, si baada ya ndege kukamilika. Aidha, aliyeunda si lazima awe wa kwanza kuirusha. Kuunda ni ufundi mmoja na kurusha ni ufundi mwingine. Anayetaka vyote viwili ajifunze vyote viwili.

Kwa wazazi na majirani: msimkatishe tamaa kijana, wala msimsukume. Umati ni hatari kwa njia mbili. Ndege ikipotea njia inaweza kuwaangukia watu. Pia kijana aliyezungukwa na watu mia tano wanaopiga makofi huona aibu kusema, "Leo haiko tayari." Baba yao Wright aliwaomba wanawe wasiruke pamoja, ili ajali moja isiwachukue wote wawili. Walimtii miaka yote, isipokuwa mara moja tarehe 25 Mei 1910, naye akiwa ameridhia. Mzazi anaweza kuunga mkono kazi na bado akaweka mpaka.

Basi siku ya majaribio wawepo watu wachache: msaidizi wa kamba, mtu wa kuangalia upepo, mtu mwenye sanduku la huduma ya kwanza, na gari lililo tayari kwenda hospitalini. Rubani avae kofia ngumu na mkanda. Na mmoja kati yao awe na mamlaka ya kusema "turudi nyumbani" bila kubishiwa.

Haraka haraka haina baraka. Ndege iliyorudishwa karakana itaruka wiki ijayo.