Umati kwenye Televisheni Si Jibu



Tarehe 19 Novemba 2023 Félix Tshisekedi alifungua kampeni katika Stade des Martyrs, Kinshasa. Kesho yake Moïse Katumbi alianza yake Kisangani. Picha zilitufikia kwa televisheni. Je, zinamsaidia asiyeamua bado? Aliyekwisha kuchagua hushangilia tu. Asiyeamua huona wingi wa watu, akadhani mambo yamekwisha. Lakini umati haujibu maswali yetu: nani ataturudisha kijijini, na kwa usalama gani?

Tena maneno ya jukwaani yana nguvu. Mwaka 1992 na 1993, hapa Katanga, yalichochea kufukuzwa kwa majirani wenye asili ya Kasai.

Kwa hiyo tunawaomba mambo mawili. Familia, msikilize pande zote, kisha mzungumze nyumbani bila kugombana. Viongozi, kemeeni neno la chuki kabla halijafika mtaani.

Mwaka 2023 vita viliwanyima ndugu zetu wa Masisi na Rutshuru nafasi ya kupiga kura. Mwenye kura asiitoe kwa kelele.