Misitu ya Unyamwezi ni Amana Mikononi Mwetu

(Mawaidha yaliyotolewa Tabora baada ya sala ya Alasiri)



Ndugu zangu katika imani, mji wetu huu, ambao wageni wa karne ya 19 waliuandika kwa jina la Kaze, ulikuwa njia panda ya misafara. Waliotoka Bagamoyo walipumzika hapa, kisha wakashika njia ya Ujiji na kuvuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema. Huko walikutana na msitu wa mvua wa Kongo: mvua hunyesha karibu mwaka mzima, na miti mirefu huziba jua hata mchana ukafanana na magharibi. Okapi, jamaa ya twiga, haishi porini popote duniani ila katika misitu hiyo.

Huenda mtu akasema: hiyo ndiyo misitu, yetu ni pori tu. Hiyo ni kauli ya asiyetazama. Sisi hupata mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, kisha hukaa miezi mingi bila tone. Lakini mwezi wa Septemba na Oktoba, kabla mawingu hayajakusanyika, mitundu na miyombo huchipua majani mapya, mekundu kama shaba. Nani aliyeipa habari ya mvua? Mizizi yake imeshirikiana na uyoga: uyoga huipa chakula cha udongo, nao mti huupa uyoga sukari. Ndiyo maana uyoga tunaouchuma wakati wa mvua huota chini ya miti hiyo. Maua yake ni malisho ya nyuki, mdudu ambaye sura nzima ya Qur'ani imeitwa kwa jina lake.

Mche wa mninga nao hunyauka kila kiangazi. Hukaa miaka kadhaa ukikuza mzizi tu, ndipo shina linyanyuke. Sisi huukata kwa saa moja, tukafanya kitanda.

Sasa nije kwenye neno ambalo huenda likawaudhi baadhi ya waliokaa safu ya mbele. Tumbaku ya mvuke hukaushwa kwa joto ndani ya mabani, na joto hilo ni kuni za misitu hii. Wanachuoni wengi wa zama zetu wameiharamisha tumbaku yenyewe, nami niko pamoja nao. Lakini hata anayeshika kauli ya karaha, atajibu nini kuhusu miti? Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba apandaye mmea, akala humo mtu, ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. Je, yule anayewanyang'anya riziki hiyo? Na wewe mrina asali unayebandua gome la mti mzima upate mzinga, unaua mti unaowalisha nyuki wako.

Najua mwenye deni la mbolea hawezi kuiacha tumbaku kesho. Basi aanze na analoliweza msimu huu: asing'oe visiki vya mitundu na miyombo, wala asivichome moto wa kiangazi, kwani huchipua upya vikiachwa. Mwenye shamba lililochoka anione baada ya Magharibi, tutazame pamoja ni sehemu gani ya kuacha ipumzike.