Dalili Isisubiri Mavuno

Miongoni mwa saratani zote, ile ya mlango wa kizazi ndiyo inayoua wanawake wengi zaidi nchini. Damu itokayo nje ya siku za hedhi, au baada ya tendo la ndoa, si aibu ya kufichwa bali ni onyo. Mama wa Kongwa au Bahi akingoja mtama uvunwe kwanza, atafika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa umekwisha kukomaa. Chanjo iliyoanza kutolewa kwa wasichana nchi nzima mwaka 2018 haimtibu yeye. Kumchunguza mapema ndiko kutakakomwokoa. Basi mkuu wa kazi asimnyime ruhusa, wala mganga wa zahanati asirudie dawa zilezile pasipo kumpeleka hospitali ya wilaya. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.