Cheti cha Mtihani Si Rehani ya Karo

Mazungumzo kwa wazazi, walimu na vijana waliomaliza shule



Katika makabati ya shule nyingi za upili nchini kuna vyeti vya KCSE ambavyo wenyewe hawajavichukua. Ni vyeti vya vijana waliofanya mtihani, wakapata alama zao na kurudi nyumbani. Wengi wao wanajua alama walizopata, lakini wanaogopa kurudi shuleni kwa sababu wana deni la karo. Wengine walirudi wakaambiwa waje na pesa kwanza.

Hasara yake huonekana baadaye. Siku ya kusajili makurutu wa polisi au wa jeshi, maafisa hutaka kuona cheti chenyewe. Vyuo hutaka cheti, na waajiri vilevile. Kijana asiye nacho husimama kando huku wenzake wa darasa moja wakipita. Anarudi kwenye kibarua cha siku kwa siku, na deni linabaki pale pale.

Ndiyo maana ni muhimu kila mkazi ajue sheria inasema nini. Sheria ya Baraza la Kitaifa la Mitihani ya mwaka 2012, katika kifungu cha 10, inalipa Baraza hilo, yaani KNEC, jukumu la kutoa vyeti kwa watahiniwa. Kifungu hicho hicho kinasema kuwa vyeti hivyo havitazuiliwa na mtu yeyote wala taasisi yoyote. Sheria haikusema "isipokuwa kwa deni la karo". Shule hupokea vyeti kutoka KNEC ili iwakabidhi wenyewe, na Mahakama Kuu imewahi kuziamuru shule kuvitoa. Wizara ya Elimu nayo imetoa agizo hilo zaidi ya mara moja.

Sheria hii inakwenda sambamba na nyingine. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, kifungu cha 29, inakataza shule ya umma kumtoza mzazi ada ya masomo. Malipo mengine yanaweza kuwekwa kwa idhini ya Waziri wa Elimu, lakini mtoto hawezi kukataliwa shuleni kwa kukosa kuyalipa. Tena, kila malipo lazima yatolewe risiti rasmi. Mzazi anayelipa bila risiti hujiweka pabaya, kwa sababu siku ya kuhesabu deni hana cha kuonyesha.

Je, hii ina maana kwamba deni limefutwa? La. Dawa ya deni ni kulipa. Shule ya bweni hununua mahindi na maharagwe, hulipa wapishi na walinzi, na wenye maduka waliouza kwa mkopo nao wanadai chao. Mwalimu mkuu anapoona orodha ndefu ya madeni, hofu yake ni ya kweli: wakaguzi wa hesabu watamuuliza pesa ziko wapi. Haifai kumfanya adui.

Hata hivyo, kutoa cheti si kusamehe deni. Hayo ni mambo mawili. Cheti ni cha mtahiniwa, naye alikipata kwa kalamu yake. Karo ni deni la mzazi au mlezi, na shule ina njia halali za kulidai. Inaweza kuandikiana na mzazi mkataba wa kulipa kidogo kidogo. Mzazi akikaidi, inaweza kutafuta haki mahakamani. Njia ambayo sheria imeifunga ni ile ya kumshika kijana kwa deni la mzazi wake. Na hata kwa hesabu ya kawaida, kijana aliyepata kazi ataweza kusaidia kulipa. Aliyenyimwa cheti atalipa kwa nini?

Kwa hivyo, aliyezuiliwa cheti afanye nini?

Kwanza, aende shuleni mwenyewe akiwa na kitambulisho na nambari yake ya mtihani. Akienda na mzazi au mlezi ni vizuri zaidi. Azungumze na mwalimu mkuu kwa heshima. Mara nyingi jambo huishia hapo, hasa mzazi akikubali deni na kutia sahihi mpango wa kulipa.

Pili, akikataliwa, aandike barua fupi ya kuomba cheti, aitie tarehe, na abaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Katiba, kifungu cha 47, inampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Aziombe sababu hizo.

Tatu, apeleke nakala hiyo kwa afisi ya Mkurugenzi wa Elimu wa kaunti ndogo. Hiyo ni afisi ya Wizara ya Elimu, na ndiyo inayosimamia shule za upili za umma mashinani.

Nne, ikiwa bado hajasaidiwa, apeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo hushughulikia malalamiko dhidi ya afisi za umma bila malipo. Mahakama iwe njia ya mwisho. Asiye na uwezo wa kumlipa wakili anaweza kuomba usaidizi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2016.

Wakazi wengi huuliza kwa nini Gavana au mwakilishi wa wadi asitoe amri vyeti vitolewe. Jibu liko katika Jedwali la Nne la Katiba. Serikali ya kaunti imepewa shule za chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Shule za msingi na za upili ziko chini ya Serikali ya Kitaifa, na walimu wake huajiriwa na Tume ya Huduma za Walimu. Kaunti haiwezi kumwamuru mwalimu mkuu. Inachoweza kufanya ni kuwaeleza wakazi haki zao na kuwaonyesha mlango wa kubisha.

Na kwa bodi za usimamizi wa shule, jambo moja. Bodi ikutane, ihesabu vyeti vilivyomo kabatini na kuwatafuta wenyewe. Chifu na wazee wa vijiji wanawajua. Cheti kinachokaa kabatini hakilipi hata gunia moja la mahindi, bali huzeeka pamoja na mwenyewe.

Mzazi, usione haya kwenda shuleni kwa sababu una deni. Kijana, usiseme miaka imepita. Cheti kina jina lako, nacho ni chako. Kifuate.