Swichi ya Klachi Isiunganishwe kwa Waya

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa mafundi wa gereji na madereva. Yamepigwa chapa hapa kwa ajili ya memba waliokuwa zamu siku ile.)



Nimetakiwa niseme habari ya kitu kidogo kuliko kibiriti, kilichofungwa karibu na pedali ya klachi. Ni swichi. Katika gereji nyingi swichi hii ikiharibika haitengenezwi. Fundi huchomoa nyaya mbili, huziunganisha, huzungushia utepe, na gari huondoka. Mwenye gari hufurahi na tajiri hupokea pesa. Lakini hatari ya waya ule hubaki juu ya mwili wa mfanya kazi.

Kwanza tujue kazi ya swichi yenyewe. Unapopindua ufunguo, umeme hupita swichi ya klachi ndipo ufike kwenye stata. Kama hukukanyaga klachi mpaka chini, njia imekatika na stata haizunguki. Ukiikanyaga, injini imeachana na magurudumu, basi hata kama gia imeingia gari halisogei.

Sasa ondoa swichi hiyo. Stata ya volti 12 ni mota ndogo, lakini jino lake dogo huzungusha duara kubwa la injini, na kwa hiyo nguvu yake huzidi mara kumi au zaidi. Ikiwa gia ya kwanza imeingia, nguvu hiyo hufika magurudumuni, na gari la tani moja huruka mbele. Na gari la zamani lenye kabureta, injini ikiwa bado ina joto, laweza kuwaka papo hapo na kuendelea kwenda bila dereva.

Ndugu zangu, fikirini ni nani husimama mbele ya gari katika gereji. Si mwenye gari. Ni fundi anayetazama mkanda wa feni, au kijana mwanafunzi anayeshika taa. Na ni nani hupindua ufunguo akiwa nje, mkono umepita dirishani, mguu wake uko mbali na klachi na breki? Ni sisi wenyewe, kila siku.

Nawapa mfano. Gereji yenyewe sitaitaja. Ililetwa pikapu ya zamani ambayo swichi yake ilikuwa imeunganishwa kwa waya miezi mingi nyuma, na fundi aliyefanya kazi hiyo alikuwa amekwisha hama. Breki ya mkono ilikuwa dhaifu, kwa hiyo dereva aliiacha pikapu katika gia ya kwanza, kama tunavyofanya sote mahali penye mteremko. Fundi mwingine akaingiza mkono dirishani apige stata. Kijana alikuwa kati ya bampa na meza ya vifaa. Mguu wake ulivunjika chini ya goti. Tajiri aliuliza, "Nani alipindua ufunguo?" Hakuna aliyeuliza, "Nani alifunga waya?"

Hapo ndipo penye neno langu kubwa. Anayefunga waya anajua gari hili halina kinga. Lakini gari haliandikwi usoni. Mfanya kazi wa kesho hajui.

Najua wazee watasema, "Tuliendesha Land Rover na Peugeot 404 bila swichi hiyo, na tuko hai." Ni kweli. Hata Marekani, sheria iliyoanza mwaka 1968 ililazimisha kinga ya stata kwa magari ya gia za otomatiki tu, si kwa magari ya klachi. Lakini wazee hao walikuwa na desturi: kabla ya kugusa ufunguo, mkono hutikisa gia kwanza. Vijana wetu wamejifunza katika magari yasiyowaka mpaka klachi ikanyagwe, na desturi ile hawana. Mkiwapa gari lililofungwa waya, mmewanyang'anya kinga ya chuma na hawana ile ya mkono.

Wengine watasema kwamba stata yaweza kulisogeza gari lililokwama mahali pabaya, na swichi huzuia jambo hilo. Nao hawakukosea. Kampuni ya Toyota iliwahi kuweka kitufe cha kuzima kinga hii katika baadhi ya pikapu zake zenye kuvuta kwa magurudumu manne. Lakini angalieni tofauti. Kitufe kile hubonyezwa na dereva aliyekaa kitini, kwa kupenda kwake, naye anajua alichofanya. Waya uliofichwa chini ya dashibodi haumwambii mtu neno.

Sasa, gari likiletwa nanyi mkaambiwa, "Haliwaki, unganisha waya," fuateni njia hii:

1. Pimeni betri, vichwa vyake, waya wa ardhi na fyuzi. Mara nyingi swichi husingiziwa kosa la betri.

2. Tazameni chini ya pedali. Zulia nene au mkeka uliojikunja huzuia klachi isifike mwisho, na swichi haibonyezwi.

3. Tazameni kipande kidogo cha raba au plastiki kilicho kwenye mkono wa pedali. Katika magari mengi ya Kijapani ndicho kinachoisukuma swichi. Kikizeeka huvunjika na kuanguka, kikaacha tundu, na ncha ya swichi hupenya tundu lile bila kusukumwa. Mkikuta vipande vya plastiki juu ya zulia, basi swichi ni nzima. Tieni kipande kipya.

4. Tazameni kama swichi imelegea katika nati zake, au bushi ya pedali imelika. Irekebisheni ibonyezwe pedali inapofika chini, kisha mkaze nati.

5. Mwisho, pimeni swichi yenyewe kwa taa ya kupimia. Umeme ukiingia na usitoke hali imebonyezwa, imekufa. Itolewe, itiwe nyingine.

Kuunganisha nyaya kwa dakika moja ili kupima si dhambi. Kila fundi hufanya. Lakini kwanza gia itolewe, magurudumu yawekewe mawe au vigingi mbele na nyuma, mtu asiwe mbele wala nyuma ya gari, na anayepiga stata akae kitini. Kipimo kikiisha, waya utolewe kabla fundi hajanawa mikono. Kama gari litalala likingoja kipuri, ondoeni waya wa betri na mtundike kibao kwenye usukani: HALINA SWICHI YA KLACHI.

Na tajiri akisema, "Funga waya au nenda nyumbani," je? Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inasema nasi. Kifungu cha 15 kinakataza mtu kuharibu kwa makusudi kitu kilichowekwa kwa ajili ya usalama. Kifungu cha 14 kinamtaka mfanya kazi amwarifu msimamizi wake anapoona hatari kubwa, na mwajiri hawezi kumlazimisha arudi mahali hapo wakati hatari ingalipo. Na kifungu cha 8 kinamkataza mwajiri kumfukuza mtu au kumtesa kwa sababu tu amelalamika juu ya usalama. Tena, mahali penye watu 20 au zaidi sheria inataka pawe na kamati ya usalama. Waulizeni matajiri wenu: kamati yetu iko wapi?

Lakini sheria haimsaidii mtu anayenyamaza. Mkiamriwa kufunga waya, msigombane wala msitukane. Andikeni kwenye kadi ya kazi: namba ya gari, tarehe, kosa lililoonekana, kipuri kinachotakiwa, na jina la aliyeamuru. Nakala moja mpelekeeni mwakilishi wa chama siku ile ile. Mtu mmoja akikataa, ataambiwa ni mkaidi. Mafundi wote wa gereji wakikataa, tajiri atanunua swichi.

Kwa hiyo naomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kwanza, memba yeyote asiliache gari liondoke gerejini na waya badala ya swichi. Pili, kila memba amfundishe mwanafunzi wake kutikisa gia kabla ya ufunguo, hata kwa gari jipya. Tatu, mtu asipige stata kwa mkono wa dirishani. Afungue mlango, akae, akanyage klachi.

Watu husema ajali haina kinga. Zipo za namna hiyo. Lakini hii kinga yake ipo, imefungwa kwenye pedali kwa nati mbili, na sisi ndio wenye spana.