Safari Inayoanzia Jikoni: Kupanga Siku Mbili za Amritsar



Dereva yeyote wa barabara ya Mombasa hadi Nairobi anaijua Makindu. Pale ipo gurudwara, nyumba ya ibada ya Masingasinga, iliyojengwa mwaka 1926 na wafanyakazi wa reli. Msafiri akiingia hupewa chapati, mchuzi wa adesi na chai, wala haulizwi dini yake wala hela. Wengi wetu tumeshiba pale tukadhani tumepewa chakula tu. Hoja ya mada hii ni kwamba chakula kile ndicho urithi wenyewe. Basi anayempangia mgeni safari fupi ya Amritsar, mji mtakatifu wa Masingasinga katika jimbo la Punjab, India, aanzie jikoni.

1. Kosa la ratiba

Nianze na kosa langu. Ratiba yangu ya kwanza ilitenga saa mbili kwa Hekalu la Dhahabu, kisha chakula cha mchana hotelini. Wageni walizunguka ziwa la hekalu, wakapiga picha, wakahimizwa kupanda basi. Hatua chache kutoka pale waliposimama, maelfu ya watu walikuwa wameketi wakila. Niliwaonyesha nyumba, nikawanyima chungu.

2. Jiko ni kongwe kuliko dhahabu

Hekalu hilo, Harmandir Sahib, lilikamilika zama za Guru Arjan, kiongozi wa tano wa Masingasinga, na mwaka 1604 kitabu kitakatifu kikawekwa ndani yake. Lina milango minne, ishara kwamba anayetoka upande wowote anakaribishwa. Dhahabu tunayoikimbilia kwa kamera ilikuja baadaye sana, karne ya 19, kwa amri ya Maharaja Ranjit Singh, mtawala wa Punjab. Langar, yaani jiko la wote, asili yake ni Guru Nanak (1469–1539), mwanzilishi wa dini hiyo, kabla hata mji wenyewe haujakuwepo.

Mgeni aelezwe mapema atakachokikuta. Mlangoni atapewa sinia la chuma na kijiko. Ataketi chini, kwenye jamvi refu, bega kwa bega na asiyemjua. Mgawaji hupita na ndoo ya adesi, mwingine na wali wa maziwa. Wa chapati akifika, mgeni hanyooshi mkono mmoja kuchukua: hukinga viganja vyote viwili, chapati ikadondoshwa humo. Akipewa, amalize. Katika jamii ambayo watu wa tabaka la juu hawakula na wa chini, mstari ule wa jamvini ulikuwa mahubiri tosha. Inasimuliwa kwamba hata Akbar, mfalme wa Wamughal, alipomtembelea Guru Amar Das, kiongozi wa tatu wa Masingasinga, alikula kwanza pamoja na watu wa kawaida.

Baada ya kula, mgeni atengewe saa moja ya sewa, yaani kazi ya kujitolea: kumenya vitunguu saumu, kusukuma chapati, au kusimama kwenye karo ambako kishindo cha masinia hakinyamazi mchana wala usiku.

3. Kuzigawa siku mbili

Siku ya kwanza: treni ya haraka kutoka Delhi huchukua takriban saa sita. Mchana, kulcha ya Amritsar: mkate uliojazwa viazi, ukabandikwa ukutani mwa tanuri, ukapakwa siagi na kuliwa na mchuzi wa dengu. Alasiri, bustani ya Jallianwala Bagh, ambako tarehe 13 Aprili 1919 askari wa Jenerali Dyer wa jeshi la Waingereza waliumiminia risasi umati uliozingirwa na kuta. Hesabu ya serikali ya kikoloni ilikuwa watu 379 waliouawa. Wahindi walitaja idadi kubwa zaidi. Matundu ya risasi bado yapo. Msipange kitu kingine mara tu baada ya hapo. Mpeni mgeni nafasi ya kunyamaza. Usiku, arudi hekaluni kuona kitabu kikibebwa kwa machela kupelekwa kulala Akal Takht, jengo linalolikabili hekalu.

Siku ya pili: alfajiri, kitabu kikirejeshwa, kisha halua ya unga wa ngano, samli na sukari, inayopokewa kwa mikono miwili. Mchana, langar na sewa. Jioni, nje ya eneo la hekalu, samaki wa kukaangwa kwa unga wa dengu, maana hekaluni hakuna nyama wala samaki. Akija majira ya baridi, asikose mboga ya majani ya haradali na mkate wa mahindi.

Kichwa kifunikwe, viatu viachwe, miguu ioshwe, tumbaku na pombe zibaki mbali. Novemba hadi Machi ndiyo nafuu, ingawa ukungu wa Desemba na Januari huchelewesha treni. Kiangazi joto hupita nyuzi 40.

4. Pendekezo

Langar isiandikwe kwenye bei ya safari kama "mlo umejumuishwa". Chakula kilichotolewa bure tukikiuza, tumekivua maana yake. Kiandikwe kwenye ratiba kwa saa yake, na safu ya gharama iachwe wazi. Anayetaka kutoa sadaka atatoa mwenyewe, na asiye na kitu ana mikono ya kuoshea masinia.

Swali la kujadili: mlo mkuu wa safari ukiwa hauna bei, sisi waandaaji tunamtoza mgeni kwa kazi gani?