Tyubu Kabla ya Tikiti: Kuwachangia Waendesha Baiskeli wa Murram Migori na Homa Bay



Nimeombwa nizungumzie michango. Naanza na aibu yangu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa harambee ya kumpeleka kijana mmoja mashindanoni. Tulikodi hema, viti na spika, tukanunua soda, tukachinja mbuzi, tukamngoja mgeni rasmi aliyefika saa tisa badala ya saa nne. Daftari la ahadi lilijaa. Tulipomaliza kulipia hema, spika na mbuzi, kilichobaki kilitosha nauli ya kwenda, si ya kurudi. Nyingi ya zile ahadi hazijalipwa hadi leo, na baadhi ya walioahidi tunasalimiana kanisani kila Jumapili. Kijana yule siku hizi ni wa boda boda ya pikipiki. Baiskeli aliiuza.

Tangu siku hiyo nimekuwa na neno moja ambalo wenzangu wamechoka kulisikia: pesa za mashinani si za tikiti ya ndege. Ni za tyubu. Nitaeleza.

Mchezo wenyewe

Mtu akisikia mbio za baiskeli humjia akilini Tour de France: lami laini, magari ya timu nyuma, helikopta juu. Mbio tunazozungumzia hapa ni za murram, na kwa wenzetu wa nje ni mchezo mchanga. Mashindano ya kwanza ya dunia ya aina hii yalifanyika Italia Oktoba 2022. Kule Kansas, Marekani, mbio za Unbound humchukua mtu zaidi ya kilomita 320 za mawe na tope kwa siku moja. Kwetu Kenya, Migration Gravel Race ilianza mwaka 2021 katika eneo la Maasai Mara, takriban kilomita 650 kwa siku nne. Mara iko ng'ambo tu ya Kuria. Ukisimama upande wa Ntimaru ni jirani.

Sasa angalieni tulicho nacho. Kuna njia za Lambwe kandokando ya Hifadhi ya Ruma, ambako swala korongo wa mwisho wa Kenya wanaishi. Kuna miinuko ya Gwassi, njia za matrekta ya miwa Awendo na Ndhiwa, vijia vya wachimba dhahabu Macalder. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hukwama kwenye gurudumu hadi baiskeli ikubebeshe yenyewe. Mzungu hulipa pesa nyingi kuja kutafuta taabu kama hiyo, ilhali mtoto wa Karungu huipata bure akipeleka omena sokoni.

Wala baiskeli si mgeni Nyanza. Boda boda yenyewe ilizaliwa kwa jirani zetu mpakani Busia miaka ya 1960, ikiwa baiskeli ya Black Mamba yenye kiti cha sponji nyuma. Kwa miongo mingi miguu ya vijana wa eneo hili ndiyo iliyokuwa matatu. Mwaka 2008 serikali ilipoondoa kodi kwenye pikipiki ndogo, Black Mamba zikaanza kuegemezwa ukutani. Ajira ilihama, lakini mapafu na mapaja hayakuhama.

Waliotangulia

Mwaka huohuo wa 2008 mpiga picha wa Singapore, Nicholas Leong, aliwapeleka Wakenya wawili Ufaransa kupanda Alpe d'Huez, mlima wa kilomita 13.8 na kona 21. Samwel Mwangi alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli. Zakayo Nderi alikuwa akipaka viatu rangi. Nderi alifika juu kwa dakika 42 na ushei. Hawakuwa wamelelewa katika chuo chochote cha baiskeli. Hapo ndipo ilipotokea timu ya Kenyan Riders.

Halafu kuna David Kinjah pale Mai-a-Ihii, Kikuyu. Wengi humtaja kwa sababu ya Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyejifunza kwake na baadaye akashinda Tour de France mara nne. Mimi namtaja kwa sababu ya nyumba yake. Klabu yake, Safari Simbaz, ilikua nyumbani kwa mtu, kwenye karakana ya vipuri vilivyotumika, ambako mtoto hujifunza kuziba pancha kabla hajajifunza kushinda. Huo ni ufadhili, ingawa hakuna aliyekata utepe.

Na kuna Suleiman Kangangi. Mwaka 2017 alimaliza wa tatu katika Tour du Rwanda akiwa na timu ya Kijerumani ya Bike Aid, ambayo nayo ilianza kama klabu ya wapenzi wa baiskeli wakichangisha pesa za hisani. Baadaye akawa nahodha wa Team Amani, timu iliyobeba vijana wa Afrika Mashariki hadi mbio kubwa za murram Marekani na Ulaya. Tarehe 27 Agosti 2022 alianguka katika mbio za Vermont, Marekani, akafariki akiwa na miaka 33. Nitarudi kwake nikifika kwenye bima.

Tazameni kila mmoja wa hawa: aliyelipa ndege alikuja baadaye. Leong hakumtafuta mtu asiyejua kukanyaga pedali. Kabla mgeni hajamwona kijana, kuna miaka mitatu, minne, ambayo mtu lazima ale, abadilishe cheni, anunue tairi, alipe kiingilio na nauli ya kwenda Nakuru au Iten akaonekane. Vipaji vyetu hufia humo. Kijana wa Oyugis haachi baiskeli kwa kukosa visa. Huacha kwa sababu tyubu ya gurudumu jembamba haiuzwi Oyugis, na aliyetumwa Kisumu hakurudi nayo.

Hata Tom Mboya, aliyelala Rusinga, alituachia somo hilo. Septemba 1959 wanafunzi 81 aliowapangia safari walipanda ndege kwenda kusoma Marekani. Ndege ililipwa kwa michango ya Wamarekani. Lakini sehemu ya mahitaji yao mengine ilitoka kwa jamaa na majirani wa wanafunzi wenyewe. Mgeni alilipa kilicho kikubwa kwa sababu wenyeji walikwisha kulipa kidogo.

Tulicho nacho tayari

Watu husema Migori na Homa Bay ni maskini, hatuwezi kuchangia michezo. Nendeni matangani mkahesabu. Maiti ikilazwa chumba cha kuhifadhia kwa wiki tatu, ng'ombe, malori na sufuria hupatikana. Tunajua kutoa. Tatizo ni kwamba tumezoea kumchangia mtu akiwa hawezi tena kusema asante.

Hatuhitaji kubuni chombo kipya. Akina mama wa Mbita na Kendu Bay wana nyoluoro, duru ya akiba ambamo kila mmoja hutoa na kila mmoja hupokea kwa zamu. Wakuria wana risaga: leo wote shambani kwangu, kesho wote kwako. Ipeni klabu sura hiyohiyo. Watu 40 wakitoa shilingi 50 kila wiki, hizo ni 2,000 kwa wiki na 104,000 kwa mwaka. Hakuna hema, hakuna mbuzi. Kutuma shilingi 50 kwa M-Pesa kutoka simu hadi simu hakutozwi ada. Ada iko kwenye kutoa pesa kwa wakala, kwa hiyo mweka hazina azitoe mara moja kwa mwezi, si kila Jumamosi.

Kuna jambo jingine, na hapa naomba wachungaji waliopo wanivumilie: pakruok. Kila aliyekwenda ngoma ya ohangla anajua. Mtu huinua mkono, analipa, mwanamuziki anasimamisha ngoma, naye anajisifu, anamsifu shemeji yake, anakisifu kijiji chake, kisha ngoma inaendelea. Nionyesheni mfumo wa kuchangisha ulio bora kuliko huo. Pesa ni taslimu, si ahadi. Kiasi kinatajwa mbele ya watu. Mtoaji anaondoka na heshima yake papo hapo, wala hahitaji kuwa mheshimiwa. Mvuvi mwenye shilingi 100 anapata dakika yake sawa na tajiri wa petroli.

Basi mwishoni mwa mbio zenu pakruok iwepo. Wawekeni waendeshaji kwenye mzunguko mfupi sokoni Rongo au Rodi Kopany siku ya soko. Kila raundi, anayetaka kumsifu mwendeshaji analipa, jina la mwendeshaji linatajwa pamoja na la mtoaji, karani anaandika. Kijana wa mwisho asifiwe pia, kwani mara nyingi ndiye mwenye baiskeli mbovu zaidi. Msichana akishindana, sifa zake ziwe za mbio, si za uzuri wake. Nimeshuhudia mtangazaji akimfukuza mtoto mchezoni kwa mdomo tu.

Daftari, sheria na siasa

Hapa nitakwenda haraka. Klabu ijisajili kwa Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013. Kikundi cha akina mama kinachosaidia kinaweza kusajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya 2022. Kabla ya kupitisha ndoo kwa umma, ulizeni ofisi ya naibu kamishna wa kaunti, kwa sababu Sheria ya Michango ya Umma, Sura ya 106, ina masharti yake. Watia sahihi wa akaunti wawe watatu, na mmoja awe fundi wa baiskeli. Mwenyekiti hajui bei ya cheni. Fundi anaijua, naye ndiye atakayegundua risiti ya uongo.

Daftari lisomwe kila mwezi mbele ya waendeshaji wenyewe, na liseme nani amepata nini. Klabu nyingi huvunjika siku tairi mpya inapoonekana kwenye baiskeli ya mtoto wa katibu.

Sasa bima. Mchezo huu unaua. Kangangi alikuwa mzoefu na nahodha, na barabara ilimchukua. Msimpeleke kijana kwenye mbio kabla hamjamnunulia helmeti na kumlipia bima ya ajali, hata kama ni lazima tairi zingoje. Pesa za kwanza za klabu ziende huko.

Na Agosti 2027 tunapiga kura. Watakuja wagombea wenye jezi, na jezi zitakuwa na sura zao kifuani. Mkizichukua, aliyeshindwa atawadai na aliyeshinda atawasahau. Mgombea akitaka kusaidia kwa dhati, aingie kwenye pakruok kama mtu mwingine yeyote, alipe, asifu, akae chini.

Nimemaliza. Ombi langu ni dogo: kabla ya chakula cha mchana, kila klabu iliyo hapa iandike jina la mweka hazina wake, la fundi wake, na orodha ya vitu vitano ambavyo waendeshaji wake wamevikosa mwezi huu. Daftari liko mezani karibu na mlango. Shilingi 50 za kwanza nimeshazitia, na kalamu nimeiacha wazi.